Pikipiki Kuukuu Isife Uani

Ikiwa baba ameleta hapo Nangara Yamaha DT 125 iliyotelekezwa, msianze na rangi. Toeni petroli iliyolala tangini, maana huacha utando unaoziba kabureta. Kazi hiyo ifanyike mbali na jiko na watoto. Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa sabuni, likaushwe, lipakwe oili kidogo. Injini hiyo huunguza oili pamoja na petroli: tangi la oili likikauka, pistoni hukwama, na akiba ya nyumba huondoka. Safisheni mnyororo kwa mafuta ya taa, kisha mpake oili. Tairi lenye nyufa litupwe. Breki zijaribiwe uwanjani kabla mtoto hajapakiwa. Fedha ya breki itangulie fedha ya rangi.