Konzo: Tusipunguze siku za kuloweka mihogo

Juma hili tunazungumza juu ya ugonjwa wa neva unaofunga miguu. Unapiga zaidi watoto waliopita miaka 3 na wamama wa umri wa kuzaa. Jina lake ni konzo. Neno hilo ni la Kiyaka, la huko Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Munganga Trolli aliandika habari zake katika 1938. Lakini si ugonjwa wa Kwango tu: wakati wa vita ulionekana pia Kivu ya Kusini, huko Burhinyi.

Konzo inakuja ghafula. Mtoto analala mzima, na asubuhi miguu yote miwili imekuwa migumu. Hawezi kusimama, ao anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Wengine wanaguswa hata mikono, macho na usemi. Hakuna dawa ya kurudisha miguu kama zamani. Tena, kuna magonjwa ya neva yanayozidi mwaka kwa mwaka, lakini konzo ikiisha kupiga haiendelei mbele. Ila mtu akirudia chakula kilekile, inaweza kumpiga mara ya pili.

Inatoka wapi? Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Tukiiloweka siku 3 ao 4, sehemu kubwa ya sumu inatoka. Tukiiloweka siku 1 tu, sumu inabaki ndani ya unga, na jua peke yake halitoshi kuiondoa. Jamaa ikila unga huo majuma mengi, bila samaki, nyama, mayai ao maharage ya kusaidia mwili kupambana na sumu, konzo inaingia.

Tunajua sababu ya kupunguza siku: watoto wanalia njaa, mnunuzi anangoja, ao tumekimbia vita na shamba limebaki nyuma. Kwa hiyo tusimlaumu mama mwenzetu. Tumwonyeshe njia.

Njia ya kwanza ni kutimiza siku za kuloweka. Ya pili inasaidia unga ambao hatujui ulilowekwa siku ngapi. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia aliitengeneza, na wamama wa Popokabaka, huko Kwango, walifundishwa kuitumia:

1. Tia unga mkavu ndani ya beseni, uusawazishe, na utie alama pale unapofika.
2. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha.
3. Utandaze kwenye ungo, unene usizidi sentimeta 1. Uuache masaa 2 juani ao masaa 5 kivulini. Sumu inatoka na kwenda hewani.
4. Pika fufu siku ileile, maana unga wenye maji hauwekwi.

Na pembeni ya fufu, hata sambaza kidogo ao maharage yasikosekane.

Je, kama konzo imeisha kuingia katika jamaa? Mpelekeni mgonjwa kituo cha afya upesi, kwa sababu magonjwa mengine ya uti wa mgongo yanafanana nayo na yana dawa. Kila siku mnyoosheni miguu polepole, isikakamae zaidi. Mtafutieni fimbo mbili za kutembelea. Wengine wanasaidiwa kwa upasuaji wa mishipa ya kisigino.

Konzo haiambukizi, na si ulozi. Kuna nyumba inapiga watu wawili ao watatu, na jirani wanaanza kutafuta mlozi. Mlozi hayupo: wote walikula sahani moja.

Sisi walimu tunaomba neno moja tena. Konzo inafunga miguu, haifungi kiti cha mtoto darasani. Mwenye fimbo mbili anaweza kusoma na kuandika kama wengine. Kikundi kipange zamu ya kumsindikiza asubuhi, na mwalimu amweke karibu na mlango.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kilete beseni, ungo na unga kidogo. Tutafanya pamoja.