TAHARIRI: Atachimenti isiwe ya kutumwa chai, wapeni vijana rada na droni

Kila msimu wa atachimenti ukifika, wanafunzi wa uhandisi na sayansi kutoka Machakos huabiri matatu wakiwa na bahasha za maombi, wakabisha ofisi moja baada ya nyingine. Wanaobahatika, wengi huishia kupiga fotokopi na kutumwa chai. Baada ya miezi mitatu kitabu cha kumbukumbu kimejaa mihuri, lakini mikono haijajua kazi.

Kuna njia bora, na iko hapa nyumbani.

Watafiti wa sayari hutumia rada inayochungulia chini ya ardhi. Gari la Perseverance, lililotua Mirihi Februari 2021, lilibeba rada ya aina hiyo iitwayo RIMFAX. Hutuma mawimbi ya redio ardhini, kisha husoma mwangwi unaorudi na kuonyesha matabaka yaliyofichika. Aprili mwaka huo, helikopta ndogo Ingenuity nayo ikapaa huko huko. Hatua inayofuata ni kuunganisha hayo mawili: rada ipandishwe juu ya droni, ipime mahali magurudumu hayafiki. Lakini kwanza ijaribiwe hapa duniani, penye ukavu, mchanga na mwamba.

Mkazi wa Machakos hahitaji ramani kujua pa kwenda. Mito yetu ya msimu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima.

“Eti Mirihi, na watu hawana maji?” Swali hilo ni halali. Jibu ni kwamba chombo ni kilekile. Ukambani tunakunywa maji yaliyohifadhiwa na mabwawa ya mchanga. Anayetafuta pa kujenga bwawa hudunga nondo mchangani, hapa na pale, kupima kina cha mwamba. Droni yenye rada inaweza kupitia mto mzima, na nondo ile ikawa ya kuisahihisha. Rada ikisema mita tatu na nondo igonge mwamba kwa mbili, wanafunzi watajua hesabu yao ina kasoro. Huenda wamesahau kuwa mchanga wenye maji hupunguza kasi ya mawimbi. Hayo ndiyo mafunzo.

Tusidanganyane, rada si uganga. Udongo wa mfinyanzi humeza mawimbi yake, hivyo haitafaa kila shamba. Pia, droni hairushwi kiholela. Kanuni za 2020 zinataka isajiliwe na kuidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA. Mwanafunzi peke yake hatauweza mzigo huo.

Ndiyo maana tunataka Chuo Kikuu cha Machakos, Konza Technopolis, serikali ya kaunti na Shirika la Anga za Juu (KSA) waketi pamoja. Waanze na mto mmoja, kikundi kimoja na miezi mitatu. Wapate kibali, walipie bima na nauli, kisha matokeo yapewe wanakijiji.

Kenya ilirusha setilaiti ya Taifa-1 Aprili 2023. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye uzani wa takriban kilo 500 ikaanguka Mukuku, kwa majirani zetu wa Makueni. Vijana wetu wasiijue sayansi ya anga kwa vyuma vinavyotuangukia tu. Wapewe nafasi ya kuunda vyao.