Tuulize Kipimo Kabla ya Kutia Sahihi

Mkulima wa Chekereni ni vigumu kumdanganya juu ya mpunga. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, amejionea kwamba gunia halitoki hewani: hutoka katika maji ya Rau na Njoro, mbegu bora, mbolea na mgongo uliopinda. Watu wengi walipoanza kulima mpunga juu ya mradi, maji yakapungua mferejini na majaruba mengi yakabaki makavu. Hakuna maneno ya mtaalamu yaliyoweza kuyajaza.

Twajiuliza basi: kwa nini sisi hawahawa, tuelezwapo habari za nishati, hukubali yale tusiyoyakubali katika mpunga?

Ndugu wasomaji, tukumbuke habari ya mbono kaburi, mti ambao wengi wetu tumeuzoea kama ua wa kuzungushia boma. Katika miaka ya 2000 ilitangazwa nchini kwamba mti huu utatupatia mafuta ya magari katika ardhi kavu, bila maji, bila mbolea, na bila kugusa shamba la chakula. Ukweli mmoja ulibebeshwa uongo mwingi. Ni kweli kwamba mbono huvumilia ukame. Lakini kuvumilia si kuzaa; mti usiokufa kiangazini waweza kukaa miaka pasipo kutoa mbegu za kujaza debe.

Tupige hesabu. Lita moja ya mafuta yahitaji kilo nne hadi tano za mbegu. Katika ardhi duni isiyo na maji, hekta moja mara nyingi haikufikisha hata tani moja ya mbegu kwa mwaka, yaani chini ya lita 250. Katika lita hizo itolewe gharama ya kuchuma kwa mikono, kwani matunda hayaivi kwa wakati mmoja, kisha ya kubangua, kukamua na kusafirisha. Tena mbegu hizo ni sumu: mwaka wa njaa haziliki, wala mashudu yake hayafai kwa ng'ombe. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya, kama kuna mtu wa kumwomba.

Wilayani Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99, na wanavijiji wakaahidiwa ajira, visima na zahanati. Mwaka 2011 kazi ilisimama na mamia ya wafanyakazi wakaachishwa. Huko Kilwa, BioShape ya Uholanzi ilikuwa imefilisika mwaka 2010.

Hapa ndipo suala la sayansi linapogeuka kuwa suala la haki. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haina budi kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla kabla ya kupewa mwekezaji wa kigeni. Kampuni ikianguka, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Aliyekosea hesabu hupoteza mtaji wake. Mwanakijiji hupoteza mahali pa kukata kuni, kuchimba dawa na kuchunga mbuzi, naye hakuwa amekosea hesabu yoyote, maana hakuonyeshwa.

Hatusemi haya kwa kupinga nishati ya mimea, ya maji au ya jua. Jirani zetu wa kiwanda cha sukari cha TPC huchoma makapi ya miwa wakapata umeme. Lakini miwa hiyo imenyweshwa maji mengi, na makapi ni mabaki ya kazi iliyokwisha kulipiwa na sukari.

Siku hizi abishaye hodi ni muuza sola. Naye apimwe. Jua la saa sita mchana, mbingu zikiwa safi, huleta wati zipatazo 1,000 katika mita moja ya mraba, na sola nzuri hugeuza kama sehemu moja tu ya tano kuwa umeme. Hivyo sola ya wati 200 yahitaji karibu mita moja ya mraba. Anayekuuzia yenye ukubwa wa sinia, iliyoandikwa wati 200, amekuuzia maandishi.

Tungependa kuona jambo moja katika mkutano mkuu wa kijiji. Mgeni ajapo na mradi wa nishati, serikali ya kijiji imwalike mwalimu wa sayansi wa sekondari akae meza ya mbele pamoja na mkulima mzoefu. Mgeni aulizwe: kilo ngapi kwa hekta? Zilipimwa wapi, mwaka gani, na kwa maji kiasi gani? Majibu yaandikwe katika muhtasari na kusomwa kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Asiye na majibu apangiwe tarehe nyingine.