Kabla Hujawekwa Kijiti

Huenda wewe au dada yako mmeamua kupanga uzazi kwa kijiti. Yajue haya kabla hujaenda kliniki.

Muuguzi atakuchoma sindano ya ganzi upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, kisha atapitisha kijiti chini ya ngozi. Kina urefu wa sentimita 4, karibu sawa na njiti ya kiberiti. Hushonwi. Mkono waweza kuvilia damu siku chache.

Hedhi nayo hubadilika: huenda ikaja ovyo ovyo, au isionekane kabisa. Msikwambie watu vibarazani Kilindini kwamba damu inajikusanya tumboni. Si kweli. Lakini ikitoka nyingi kupita kiasi, mwone daktari.

Mtajie muuguzi dawa zote unazotumia, kwani baadhi ya zile za kifua kikuu na kifafa hupunguza nguvu za kijiti. Wala kijiti hakikukingi na Ukimwi.

Kipapase mara kwa mara. Usipokisikia, au kidonda kikitoa usaha, rudi kliniki upesi. Kukitoa ni haki yako siku yoyote, ila usimpe mkono wako mtu wa mtaani mwenye wembe.