Kimeng'enya: Tusililaumu jina, tulifafanue

Wapo wasomi wetu ambao hadi leo hushikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Hulitaja neno kimeng'enya kuwa ushahidi. Kumeng'enya, wasema, ni kuvunjavunja chakula tumboni. Litafaaje basi kueleza yatendekayo ndani ya mmea usio na tumbo?

Hoja hii yastahili jawabu, na jawabu lenyewe limo shambani. Mkulima achimbapo viazi vitamu, jembe halikosi kuvijeruhi baadhi. Kiazi kilichojeruhiwa kikikaa siku kadhaa mahali penye joto na unyevu wa kutosha, jeraha hujifunga kwa gamba. Seli zilizo karibu na jeraha hutoa haidrojeni peroksaidi. Kimeng'enya kiitwacho peroksidasi huitumia kemikali hiyo kuunganisha molekuli ndogo za fenoli ziwe lignini, dutu ile ile iupayo mti ugumu wake. Kuta za seli huwa imara, maji hayapotei ovyo, na kuvu hupata taabu kupenya. Mimea mingi huongeza peroksidasi pia inapopatwa na maradhi, ukame au chumvi. Na kwa kuwa haidrojeni peroksaidi ikizidi huidhuru seli, vimeng'enya vya jamii hii husaidia kuigeuza iwe maji.

Naam, peroksidasi huvunja huku ikiunga kule. Je, jina limepotoka? Hata kidogo. Neno walitumialo Waingereza lilibuniwa na Mjerumani Wilhelm Kühne katika karne ya 19, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Kiazi hakina chachu, wala sijamsikia mwanafunzi wa London akilalamika. Istilahi huzaliwa na mfano mmoja, kisha matumizi huipanua. Lililo halali kwa Kigiriki haliwezi kuwa haramu kwa Kiswahili.

Upungufu basi hauko katika lugha, bali katika uzembe wetu wa kuitumia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ni walimu wangapi wa sayansi waliowahi kuifungua?

Sisemi mitihani igeuzwe kesho. Nasema mwalimu wa biolojia, hata afundishapo kwa Kiingereza, awape wanafunzi dakika tano waeleze somo kwa Kiswahili; naye mwalimu wa Kiswahili atunge insha juu ya jeraha la kiazi badala ya kurudia zile za harusi na ajali. Kwani yuko mwanafunzi aandikaye jina la kimeng'enya hiki kwa Kiingereza bila kosa na kutunukiwa alama zote, ilhali nyanyake akimwuliza kwa nini viazi vilivyokatwa visitiwe ghalani kabla ya majeraha kufunga, hana la kumwambia. Huyo amefaulu mtihani, kuelimika bado.