Bustani ya Kiangazi: Hesabu Ndoo Kwanza



Masika yakiisha, mboga huwa hazina thamani. Kunde zimejaa majani, maboga yametambaa hadi barazani, na mchicha umejiotea wenyewe jaani. Ifikapo Agosti mambo yamegeuka, na mama anayekwenda sokoni hurudi na fungu dogo la sukuma wiki lililomgharimu nusu ya fedha ya kitoweo. Watu wa Ulaya huzifunga bustani zao majani ya miti yapukutikapo, kwa kuogopa baridi. Sisi huziacha zikauke kwa jua, hata pale ambapo maji tunayaona kwa macho.

Tutazame Kibara, katika Wilaya ya Bunda, kando ya Ghuba ya Speke. Mgeni akiliona ziwa lile husema kwamba hapo hapana sababu ya mtu kukosa mboga. Mgeni huyo hajabeba ndoo. Wala bustani haiwezi kuhamishiwa majini, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020, waliolima ukingoni waliona wenyewe mimea yao ikimezwa. Basi bustani hukaa juu, karibu na nyumba, na maji huifuata kichwani mwa mtu.

Mtu huyo ni nani? Tangu Siasa ni Kilimo ya mwaka 1972 tumehimizwa sana kulima, lakini si mara nyingi tunaulizana ni nani atakayechota.

Tufanye hesabu. Kitalu chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 hutaka kiasi cha ndoo moja ya lita 20 kila siku ya kiangazi. Ukikata vitalu sita, ndizo ndoo sita, mbali na zile za kunywa, kupikia na kufulia. Kama ziwa liko nusu kilomita, safari sita ni mwendo wa kilomita sita, na nusu ya mwendo huo una kilo 20 utosini. Aghalabu mzigo huo humwangukia mama, au binti ambaye hufika shuleni kengele imekwisha kulia. Ikifika wiki ya tatu wamechoka, bustani imekufa, na mwenye nyumba husema wanawake wa siku hizi ni wavivu.

Afadhali vitalu viwili vinavyoishi. Viwili, vikitunzwa, hutoa mboga za jamaa ndogo kwa zamu: panda mchicha katika kimoja, na baada ya wiki mbili panda katika cha pili, maana mchicha huvunwa kwa wiki tatu au nne tu. Wakati huu usiinue matuta kama wakati wa mvua. Chimba kitalu kiwe chini ya usawa wa ardhi kama upana wa kiganja, changanya samadi iliyooza vizuri, kisha funika udongo kwa nyasi kavu. Nyasi hizo zitakuokolea maji mengi kuliko unavyodhani. Mwagilia jioni, shinani. Maji yaliyooshea mboga na mchele yasimwagwe uani. Hayo nayo ni nusu ndoo.

Kuna hatari moja isiyosemwa vya kutosha. Anayeingia ziwani hadi magotini ili apate maji safi huweza kutoka na kichocho, kwa kuwa vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, hasa jua linapokuwa kali mchana. Mtoto asitumwe saa sita. Achote asubuhi kumekwisha kucha, maana gizani kuna viboko na mamba, na asimame juu ya jiwe au gogo. Maji yakilazwa siku mbili katika pipa lililofunikwa, vijidudu hivyo hufa.

Nawe mfanyakazi uliye Mwanza au Dar es Salaam, unayempigia simu mkeo kumhimiza bustani, kumbuka kwamba baiskeli hubeba madumu manne kwa safari moja. Wanaume wetu hawaoni haya kuendesha baiskeli yenye maji wanapoyauza. Haya huanza maji yanapokuwa ya mchicha wa nyumbani. Ukienda likizo mwezi Julai, zichukue safari hizo wewe mwenyewe kwa juma moja, ndipo mkae na mama watoto kuamua idadi ya vitalu.

Mvua za vuli zikikaribia, mnamo Oktoba, vifukie vitalu vile na kuinua matuta, la sivyo maji yatatuama na mizizi itaoza.