Spidwei: uwanja mkubwa au njia ya uhakika?

Pikipiki za spidwei hazina breki, na hukimbia kwenye njia ya udongo. Wakikodi uwanja wa soka, waandaaji hutandaza njia ya muda tu.

Faida yake ni tiketi kibao. Hatari ilionekana Warsaw, Aprili 2015: mashabiki zaidi ya 50,000 walifika, mtambo wa kuanzishia ukagoma, njia ikaharibika, shindano likakatishwa baada ya mbio 12.

Mwaka 2025 raundi ya Uingereza iliondoka Cardiff, kwenye uwanja wa watu zaidi ya 70,000, ikaenda Manchester. Huko njia ni ya kudumu, ila viti ni vichache mno. Njia imetulia, lakini sasa shabiki anayesafiri kutoka mbali atafute tiketi kwanza, nauli baadaye.